Istilahi za Skwoshi: Ngazi na Nafasi
Katika skwoshi ya vyuo vya Marekani, timu hushindanisha wachezaji tisa, waliopangwa kwa ubora. Kabla ya msimu mpya hushindana wao kwa wao: amshindaye aliye juu yake hutwaa mahali pake. Mpango huo tunapendekeza uitwe ngazi. Wako wanaopendelea orodha, lakini orodha haipandwi. Kila mahali pangefaa kuitwa kidato, kama neno hilo lisingekuwa limekwisha kutwaliwa na shule za sekondari. Basi tuseme nafasi. Chuo cha Trinity, mjini Hartford, kilishinda mapambano 252 mfululizo, tangu 1998 hadi 2012. Pambano huamuliwa kwa michezo mitano kati ya tisa, na ushindi wa mchezaji wa tisa huhesabiwa sawa na wa kwanza. Mfasiri aandikaye “daraja la tisa” humshusha bure.