MWANACHAMA MPYA NA KIPINDI CHA MATAZAMIO

Kanuni ya kwanza ya ushirika, kama ilivyothibitishwa na Shirikisho la Kimataifa la Vyama vya Ushirika huko Manchester mwaka 1995, husema kwamba uanachama ni wa hiari na uko wazi kwa wote. Hakuna chama chenye haki ya kumfungia mtu mlango kwa sababu ya kabila, dini au jinsia yake. Hata hivyo, mlango ulio wazi humwingiza mwema na mlaghai pamoja. Makala hii inakusudia kueleza namna chama kinavyoweza kuuacha mlango wazi bila kumkabidhi mgeni funguo za vyumba vyote siku ya kwanza.

Kwa nini Kariakoo

Friedrich Wilhelm Raiffeisen alipoanzisha chama cha mikopo huko Heddesdorf, Ujerumani, mwaka 1864, wanachama wake walikuwa majirani. Aliyekopesha alimfahamu aliyekopa, shamba lake na tabia yake. Kujuana huko ndiko kulikokuwa dhamana ya kwanza ya fedha zao.

Kariakoo haiko hivyo. Hata jina lake lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na tangu siku hizo ni mahali pa watu wa kuja na kuondoka. Mfanyabiashara aweza kupanga meza Mtaa wa Kongo mwezi huu, na mwezi ujao akawa Tunduma au Lubumbashi. Jirani hajui kwao ni wapi. Palipokosekana ujirani, hapana budi muda na vitendo vishike nafasi yake. Hiyo ndiyo maana ya kipindi cha matazamio.

Jinsi udanganyifu unavyoingia

Njia ya kwanza ni mkopo wa haraka. Tuchukue mfano wa chama kinachokopesha mara tatu ya akiba. Mtu anajiunga, analipa kiingilio na hisa, kisha anaweka akiba ya shilingi 1,000,000 kwa mkupuo. Baada ya wiki chache anapewa mkopo wa shilingi 3,000,000, naye anatoweka. Chama kinashika akiba yake, lakini shilingi 2,000,000 zinabaki kuwa deni la wadhamini. Wadhamini wakiwa wawili, kila mmoja anapoteza shilingi 1,000,000, ambayo huenda ni akiba ya miaka mingi ya kuuza mchicha au vitenge.

Njia ya pili ni biashara ya pembeni. Mgeni huwaeleza wenzake kwamba ana mzigo uliokwama bandarini, au kwamba amepata fremu yenye kilemba nafuu. Anakusanya fedha mkononi, akitumia jina la chama kama kinga. Kwa kuwa fedha hizo hazikuingia katika vitabu, chama hakina stakabadhi wala njia ya kuzidai.

Njia ya tatu ni orodha ya wanachama. Aliyepata majina na namba za simu aweza kuwatumia wanachama ujumbe wa kuwaelekeza watume marejesho kwa namba ngeni, au kuwaalika katika mpango wa kuzalisha fedha. Tanzania haijasahau DECI, iliyowataka watu wapande fedha ili wavune zaidi. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu iliwatia hatiani baadhi ya viongozi wake. Mipango ya namna hiyo huenea kwa sababu mtu huletwa na mtu anayemwamini, na chama cha ushirika ni mahali pa watu wanaoaminiana.

Tahadhari hii si ngeni

Waanzilishi wa Rochdale, Uingereza, katika masharti yao ya mwaka 1844, walitaka kila mwombaji apendekezwe na kuungwa mkono na wanachama wawili kabla ya kukubaliwa. Hapa nyumbani, akina mama wanaocheza upatu hawamweki mgeni awe wa kwanza kupokea. Humweka nyuma, achangie kwanza na wenzake waone mwendo wake. Hawamtukani kwa kufanya hivyo, wala yeye hanung'uniki, kwa kuwa kila mmoja wao alipita hapo. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Mambo ya kuweka katika masharti

1. Wapendekezaji wawili wafike mahali anapofanyia biashara mwombaji, na watie sahihi kwamba wamefika.

2. Kwa miezi 3 ya kwanza mwanachama aweke akiba bila kukopa. Mkopo wake wa kwanza ukadiriwe kwa akiba aliyoweka mwezi hadi mwezi, si kwa fedha za mkupuo.

3. Katika kipindi hicho asimdhamini mtu. Wala walioingia pamoja wasidhaminiane katika mkopo wao wa kwanza, kwa maana walaghai huja kwa makundi.

4. Asikabidhiwe orodha ya wanachama na namba zao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka mwenye kutunza taarifa za watu azilinde.

5. Asitangaze biashara yake katika mikutano ya chama wakati wa matazamio. Baada ya hapo, tangazo lolote la kuomba fedha, liwe la mgeni au la mwenyeji, lipitie kwa katibu kwa maandishi.

Mipaka ya tahadhari

Matazamio yasigeuzwe kuwa ukuta wa kuwalinda viongozi. Mwanachama mpya ahudhurie mikutano, aulize maswali, apewe kitabu chake na aone hesabu zake tangu siku ya kwanza. Haki yake ya kupiga kura hufuata sheria na masharti ya chama, wala bodi isiipunguze kwa maneno ya mdomo kwa kuwa uchaguzi umekaribia. Vizuizi vyote vipitishwe na Mkutano Mkuu na kuidhinishwa na Mrajisi, viwe sawa kwa wote, na vikome kwa tarehe iliyoandikwa, si kwa hisani ya mwenyekiti.

Isidhaniwe pia kwamba miezi 3 humaliza ulaghai. Mwizi mvumilivu aweza kuingoja, na mwanachama wa miaka 10 aweza kuharibikiwa. Lakini kungoja kunamgharimu mlaghai akiba halisi, na kunawapa wenzake nafasi ya kumwona meza yake ikiwa wazi asubuhi baada ya asubuhi.

Kazi kubwa iko kwa katibu. Siku mwanachama anapopokelewa, aandike katika daftari tarehe ya kuanza na ya kumaliza matazamio, amsomee masharti, na mwanachama atie sahihi. Aliyeelezwa mapema hataona kwamba amedharauliwa. Na mdhamini aliyejaribiwa kutia sahihi kwa kuona haya atakuwa na jibu la heshima: masharti ya chama hayaruhusu.