Mabibi wa shaba Kingsbury na picha ya Sayyida Salme

Wengi wetu tuna jamaa London, na ukiwatajia Kingsbury watakwambia stesheni na maduka. Lakini mtaa huo una kanisa kongwe la Mtakatifu Andrea, na ndani yake mna bamba la shaba lenye picha za kuchongwa: John Shephard, aliyefariki 1520, wakeze wawili, Anne na Maude, na watoto 18. Si uke wenza huo. Kwa dini yao alioa mmoja baada ya mwengine.

Hawa hawakuwa mabinti wa mfalme. Ila bamba la shaba lilikuwa ghali, na ukoo uliliweka ili kila aingiaye ajue kuwa hapa wamelala watu wenye nafasi. Sura zenyewe usiziamini sana. Mafundi wa zama zile walifuata vielelezo vya karakana, hawakumkalisha mtu wakamtazama. Hadhi ya mwanamke ilisomwa kwenye nguo, kitambaa cha kichwa na idadi ya wanawe.

Na sisi je? Nani asiyeijua picha ya Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844? Nguo za kifalme, vito, mtazamo wa heshima. Basi picha ile haikupigwa Unguja. Ilipigwa Hamburg, baada ya kuondoka kwao 1866, kubatizwa na kuolewa na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete.

Mumewe alikufa 1870 kwa ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu. Mwaka 1875 kaka yake, Sultan Barghash, alizuru London. Salme naye akafika, akitumai wapatane. Ameeleza mwenyewe, katika kitabu chake cha 1886, kwamba Sir Bartle Frere alimshawishi asimwendee, kwa ahadi ya kuwasaidia wanawe. Ahadi haikutimizwa, na kaka hakumwona. Alifariki Ujerumani mwaka 1924.

Watu wanaitazama picha wanasema, mashaallah, bintimfalme. Mjane aliyesubiri mlango wa nduguye ufunguliwe haonekani pale, kama Anne na Maude wasivyoonekana kwenye shaba yao.

Ukutani kwenu bila shaka pana picha ya bibi, shingo imejaa dhahabu. Muulize mama leo: ile dhahabu ilikuwa yake, au iliazimwa kwa siku ya harusi tu? Na baada ya harusi aliishi vipi?