Yatima Ahesabiwe Miongoni mwa Watoto wa Nyumba

Mtoto anapofiwa na wazazi wake, jambo la kwanza litendwalo na jamaa katika miji na vijiji vyetu, baada ya matanga kwisha, ni kukaa kikao ili kuamua nani atamchukua. Na kikao hicho, ambacho hakiandikiwi kumbukumbu wala hakihudhuriwi na hakimu, kimewahifadhi mayatima wengi kuliko taasisi zote zilizojengwa kwa jina lao. Shangazi humchukua mmoja, baba mdogo humchukua wa pili, na kitinda mimba aghalabu hubaki kwa bibi yake. Wema huu ni wa kale na unastahili taadhima. Lakini kwa kuwa haukuandikwa popote, na kwa kuwa mtoto mwenyewe hakuulizwa, hutegemea afya, riziki na moyo wa mtu mmoja tu, na siku mtu huyo akipungukiwa na kimojawapo, yatima hujikuta mgeni katika nyumba aliyodhani ni yake. Ndiyo sababu nasema kwamba haja ya kwanza ya yatima ni nyumba inayomhesabu miongoni mwa watoto wake, na kwamba nyumba hiyo, ili isimtupe siku ya dhiki, sharti iungwe mkono na sheria, na shule, na majirani.

Mkoa wa Kagera ulitufundisha mipaka ya ukoo kwa gharama kubwa. Huko ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walikotambuliwa, mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata maradhi hayo, yaliyowachukua hasa watu wa umri wa kuzaa na kufanya kazi, yaliacha migomba bila wa kuipalilia na watoto bila wa kuwahimiza shule, hata ikawa mabibi waliotarajia kutunzwa na wana wao ndio waliorudia upya kazi ya kulea, na katika nyumba nyingine mtoto mkubwa akawa ndiye baba na mama wa wadogo zake. Ukoo haukuukataa wajibu wake, ulielemewa nao.

Katika dhiki za namna hiyo yalizaliwa makao mengi ya watoto, yakaanzishwa na misikiti, makanisa na watu wa huruma, wala si haki kuwalaumu waliomfungulia mlango mtoto aliyekuwa hana pa kulala. Walakini maarifa ya miaka hii yamethibitisha kwamba mtoto mchanga hakui vizuri mikononi mwa walezi wanaopokezana zamu. Huko Rumania, baada ya kuanguka kwa utawala wa Ceaușescu mwaka 1989, dunia ilishuhudia maelfu ya watoto waliorundikwa katika majumba ya serikali. Na kuanzia mwaka 2000 wataalamu waliwafuatilia watoto 136 wa majumba ya Bucharest, nusu yao wakipelekwa katika familia za malezi ya kambo na nusu wakiachwa katika utaratibu wa kawaida, wakaona kwamba waliopata familia waliwapita wenzao kwa akili na kwa uwezo wa kushikamana na watu, na kwamba faida ilikuwa kubwa zaidi kwa waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili. Tena, watoto wengi waliomo katika makao wana mzazi mmoja aliye hai au jamaa wa karibu, na kilichowatoa nyumbani ni ufukara. Kwa hiyo Kenya ilitangaza mwaka 2022 mkakati wa miaka kumi wa kuwarudisha watoto kutoka makao hadi katika familia. Na nchini Tanzania ruzuku ya Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF) kwa kaya maskini hufungamanishwa na mahudhurio ya watoto shuleni na kliniki, ili bibi mwenye wajukuu wanne aweze kuwalisha na kuwasomesha pale pale walipo.

Pale ambapo jamaa hawapo, au wapo lakini hawafai, ipo njia ya malezi ya kambo. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara, anayetaka kumpokea mtoto hupeleka maombi ustawi wa jamii, na afisa huja nyumbani kwake kutazama mtoto atalala wapi na pamoja na nani, kuuliza kipato cha nyumba, kuwasikiliza watoto waliomo, na kuwahoji majirani na viongozi wa mtaa juu ya mwenendo wa mwombaji. Akiridhika, mtoto hukabidhiwa, na afisa huendelea kumzuru. Wapo pia walezi wa kuaminika, waliochaguliwa na kufunzwa mapema katika mitaa yao, ambao humpokea hata usiku mtoto aliyetupwa au aliyenusuriwa na ukatili, ili asilale kituo cha polisi. Mlezi wa kambo hawi mzazi kwa sheria. Ameshika amana, na jamaa wa mtoto wakipatikana na kuonekana wanafaa, huwa tayari kuirudisha.

Kazi yenyewe ni ndogo ndogo na ya kila siku. Mtoto aliyekwisha kuonja njaa huficha kipande cha mkate chini ya godoro. Mwingine aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani hurudia. Mwingine hunyamaza majuma mazima, kisha siku moja, wakati wa kuosha vyombo, huuliza kama na mlezi naye atakufa. Mlezi mwenye busara hamfokei mficha mkate. Humwonyesha chakula kinapowekwa, humwahidi kwamba ataamka na kukikuta, na asubuhi ahadi huitimiza, siku baada ya siku, mpaka mtoto aamini. Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, walisema wazee wetu. Na mwana aliyekwisha kupoteza nyumba moja hutaka kazi hiyo ifanywe kwa subira maradufu.

Kuasili ni hatua nyingine kabisa, kwa kuwa hapo mtoto huwa wa nyumba hiyo maisha yake yote. Maombi hupelekwa Mahakama Kuu. Kwa Tanzania Bara mwombaji asiye jamaa sharti awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka isiyopungua 21. Jamaa wa mtoto aweza kuomba akiwa na miaka 21. Na mgeni wa nchi hakubaliwi ila awe amekaa nchini miaka mitatu mfululizo, na amemlea mtoto kwanza chini ya uangalizi wa ustawi wa jamii. Mahakama hutaka kujua kama wazazi walio hai wameridhia, kama mtoto mwenye umri wa kufahamu amesikilizwa, na kama hapana fedha iliyopita mkononi mwa mtu. Amri ikitoka, haki na wajibu wa wazazi wa kuzaa hukoma, na mtoto hurithi kama aliyezaliwa humo. Wako wanaolalamika kwamba utaratibu huu ni mrefu, na kweli ni mrefu. Lakini biashara ya watoto hustawi penye njia za mkato, na kwa hofu hiyo Kenya ilisimamisha mwaka 2014 uasili wa watoto wake kwa wageni.

Waislamu wa pwani na visiwani wana njia yao, nayo ni kafala. Dini imekataza kumnasibisha mtoto na baba asiyemzaa, kwa hiyo yatima hubaki na jina la baba yake, wala hana fungu katika mirathi ya mlezi wake. Lakini mlezi aweza kumpa hiba akiwa hai, au kumwusia mpaka theluthi ya mali yake, na malezi yenyewe yamehimizwa kwa mkazo mkubwa, kwani Mtume Muhammad mwenyewe alizaliwa baba yake amekwisha kufa, akampoteza mama yake akiwa na umri wa miaka sita, akalelewa na babu yake, kisha na ami yake Abu Talib. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 umeitaja kafala miongoni mwa njia za kumhifadhi mtoto, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 imeipa nafasi pia.

Nyumba ikipatikana, shule hufuata. Kenya ilifuta ada za shule za msingi mwaka 2003, na Tanzania ikafuta ada za shule za serikali mpaka kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Hata hivyo sare, viatu, madaftari, nauli na chakula cha mchana bado vinamngoja mlezi. Lakini liko jambo ambalo walezi wengi hulisahau, nalo ni vyeti. Mtoto aliyefiwa akiwa darasa la pili haoni haja ya cheti cha kifo cha baba yake. Atakapofaulu kidato cha sita na kuomba mkopo wa elimu ya juu, Bodi ya Mikopo ya Tanzania, ambayo huwaangalia mayatima kwa upendeleo, itamtaka athibitishe uyatima wake kwa vyeti vya vifo vilivyohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa Tanzania Bara, au na mamlaka ya usajili ya Zanzibar, pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Kijana anayeanza siku hiyo kutafuta habari za kifo kilichotokea kijijini zaidi ya miaka kumi nyuma, bila hati ya hospitali wala shahidi aliye hai, aweza kukosa kwa karatasi alichokipata kwa bidii. Basi bahasha moja yenye cheti cha kuzaliwa, vyeti vya vifo, kadi ya kliniki na picha ya wazazi na iwekwe tangu mwanzo mahali pasipovuja mvua.

Iwekwe humo na orodha ya mali. Sheria ya Mtoto hairuhusu mtu yeyote kumnyima mtoto manufaa ya mali iliyoachwa na mzazi wake, na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ni mtumishi wa warithi. Akiuza shamba bila kumtia mtoto katika hesabu, malalamiko na yapelekwe mapema kwenye mahakama ile ile iliyomteua, kabla pesa haijatumika.

Wengi wetu huwakumbuka mayatima katika Ramadhani na Krismasi, tukapeleka mchele na mafuta, na sadaka hiyo ina thawabu yake. Lakini mtoto hula, huugua na husoma katika miezi yote kumi na miwili. Asiyeweza kuasili aweza kumchukua yatima mmoja wa mtaa wake, akiwa bado kwa bibi yake, akamnunulia sare na madaftari kila Januari, akamwuliza matokeo yake kila muhula, na kumfuatia vyeti vyake ofisini, mpaka amalize kidato cha nne. Msikiti au kanisa lenye mfuko wa mayatima, kabla ya kujenga bweni, na lihesabu ni nyumba ngapi za mabibi zingeweza kusimamishwa kwa gharama ile ile, na kwa miaka mingapi.