Pikapu inagoma alfajiri? Ipime kabla ya kuuza ng'ombe

Kama unatafuta riziki na pikapu kuukuu ya dizeli, baridi ya alfajiri unaijua. Unageuza ufunguo, stata inalia weee, bomba linatoa moshi mweupe kama wa kuni mbichi, halafu kimya. Mteja naye anapiga simu. Unaanza kuamsha majirani waje wasukume.

Julai mwaka jana nilikuwa Kinangop kwa mjomba. Pikapu yake ndiyo hubeba maziwa ya majirani hadi barabarani, ambako lori hupita saa moja kamili. Ukilikosa hilo lori, maziwa ni yako na ndama wako. Wiki nzima pikapu ilikuwa inagoma. Mjomba alikuwa ameshanunua betri mpya, wapi! Fundi mmoja akaja, akatazama moshi, akasema pampu ya dizeli imekufa, lazima ishushwe. Bei aliyoitaja ilimnyamazisha mjomba. Kisha nikamwona ameenda kusimama karibu na mtamba wake mwenye mimba. Nilijua hesabu anayopiga.

"Mpwa, wewe si ulisomea mambo ya injini?" akaniuliza jioni.

"Nusu tu, mjomba."

Ndiyo, niliacha chuo mwaka wa pili, karo iliponishinda. Lakini katika ile nusu nilitoka na jambo moja: usibadilishe kitu ambacho hujakipima.

Hebu tuanze na kitu rahisi. Injini ya dizeli haina plagi za cheche kama ya petroli. Pistoni inaikandamiza hewa hadi inapata moto mkali, ndipo dizeli inaponyunyiziwa na kuwaka. Sasa, kukiwa na baridi, chuma cha injini kinaiba ule moto. Ndiyo maana pikapu nyingi za zamani, kama Hilux zenye injini ya 2L au 3L, zina hita plagi, moja kwa kila silinda, za kupasha chumba moto kabla ya kuwasha. Kile kitaa cha koili kwenye dashibodi ndicho kinakwambia usubiri.

Kwa hivyo gari likigoma, fanya hivi kwa mpangilio.

Kwanza, sikiza stata. Ikizunguka kwa uvivu, shida iko kwenye umeme au oili. Safisha vichwa vya betri, kaza nyaya, hasa ule unaoshika bodi ya gari. Azima mita. Betri iliyojaa na kupumzika husoma karibu volti 12.6. Stata ikizunguka, isishuke chini ya kama 9.6. Pia uliza ni oili gani imewekwa. Oili nzito mno hugeuka uji kwenye baridi.

Pili, tazama bomba la moshi huku mwenzako akipiga stata. Stata ina nguvu lakini hakuna moshi hata kidogo? Dizeli haifiki. Bonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta. Ikiwa laini, kisha ikaanza kuwa ngumu na gari likawaka, kuna hewa inaingia kwenye paipu usiku na dizeli inarudi kwenye tangi. Dalili nyingine ni hii: gari lenye shida hiyo hugoma hata likiegeshwa saa nyingi mchana wa jua. Likigoma kwenye baridi pekee, shida ni joto.

Tatu, kama moshi ni mweupe na unanuka dizeli mbichi, basi dizeli inafika ila haiwaki. Hapo ndipo tulipokuwa sisi. Zima ufunguo, toa waya wa betri. Fungua kile kipande cha chuma kinachounganisha hita plagi zote. Weka mita kwenye omu, ncha moja juu ya plagi, nyingine kwenye chuma cha injini. Plagi nzima husoma kama omu moja hivi, au chini yake. Mita isipoonyesha kitu, hiyo plagi ni maiti.

Plagi zote zikiwa nzima, rudisha kila kitu na uangalie kama umeme unazifikia ufunguo ukiwashwa. Usipofika, kagua fyuzi na relei. Ukifika na gari bado linagoma, sasa ndiyo uwaze nozo, pampu, au kompresheni iliyoisha kwa sababu ya ringi kuchoka. Hizo mpelekee fundi mwenye vifaa.

Mambo mawili usiyafanye. Usiunganishe plagi moja kwa moja na betri ili "kuona kama inawaka". Kuna plagi za volti ndogo, zitaungua, na wewe utaungua vidole. Pili, usinyunyize petroli wala dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa. Ikikutana na plagi nyekundu, mlipuko unaweza kuvunja pistoni au kukurudia usoni.

Turudi Kinangop. Tulipima plagi nne, tatu zilikuwa maiti. Mchana injini ilikuwa na joto kiasi, ikaweza kuwaka kwa ile moja iliyobaki. Alfajiri haikuweza. Tulinunua seti mpya, na gharama yake haikukaribia hata mguu wa mtamba. Kesho yake saa kumi na nusu alfajiri, mjomba alisubiri kitaa kizime, akageuza ufunguo. Ikashika mara moja. Hakusema kitu, alinigusa bega tu na kwenda kupakia mitungi.

Sisemi yule fundi ni mwizi. Alitazama moshi akakisia, na wengi wetu hulipia makisio kwa sababu tunaona aibu kuuliza, "Umepimaje?" Liulize hilo swali kwa heshima kabla ya kutoa hata shilingi. Fundi mzuri hatakasirika, atakuonyesha mita.

Mtamba wa mjomba alizaa Agosti. Siku hizi anakamuliwa, na maziwa yake hupanda pikapu ile ile.