Je, Nyoka wa Spishi Mbili Huweza Kuzaa Chotara?

Mtu aliyeumwa na nyoka mwenye mabaka asiyoyafahamu huweza kudhani kuwa ni chotara wa kifutu na swila. Chotara huyo hayupo. Hao ni wa familia mbili zilizotengana tangu mamilioni ya miaka. Wanaoweza kuzaana ni wenye nasaba ya karibu. Mwaka 1976 ilielezwa kuwa huko Zululand, Afrika Kusini, kifutu alizaana porini na jamaa yake wa msituni, Bitis gabonica.

Kwa tabibu, mfano mzito zaidi uko New Mexico, Marekani. Huko nyoka wawili wenye kayamba mkiani, Crotalus scutulatus na Crotalus viridis, huzaana, na baadhi ya machotara wao hubeba sumu ya kupooza neva pamoja na ile ya kuharibu tishu. Jina la nyoka peke yake lingempotosha mganga.

Basi mhudumu na atazame mwili wa mgonjwa: kope zinazolegea, pumzi, uvimbe, na damu. Mililita 2 za damu ziachwe dakika 20 katika chupa safi, kavu, ya kioo, bila kutikiswa. Isipoganda, sumu imekwisha kuvuruga mgando. Nyoka mwenyewe, chotara au la, asisakwe.