Saratani ya mlango wa kizazi: zahanati imtafute asiyepimwa

Kila inapokaribia Machi 8, Siku ya Wanawake, maturubai hufungwa viwanjani, vipaza sauti huita, wanawake hupanga foleni kupimwa saratani, na jioni idadi yao husomwa mbele ya mgeni rasmi. Si jambo baya. Lakini idadi hiyo hailijibu swali la msingi: kati ya wanawake wa kata ile wenye miaka 30 hadi 49, ni wangapi hawajawahi kupimwa, na ni akina nani? Hakuna anayejua, maana hakuna aliyewaandika. Hiyo ndiyo kasoro kubwa ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi nchini Tanzania, na kuirekebisha ni kazi ya zahanati na daftari lake zaidi kuliko ya redio.

Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani ulikadiria kwamba mwaka 2020 wanawake zaidi ya 10,000 nchini walipata saratani hii, na zaidi ya 6,500 walifariki. Vifo huwa vingi kiasi hicho pale wagonjwa wanapofika hospitali za Ocean Road au Bugando ugonjwa umeshasambaa. Chanjo dhidi ya HPV, virusi vinavyosababisha saratani hii, inayotolewa kwa wasichana nchi nzima tangu 2018, itawaokoa watoto wetu. Mama zao imewapita. Kinachouma ni kwamba ugonjwa wenyewe hauna haraka. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, tangu maambukizi ya virusi hadi saratani mara nyingi hupita miaka 15 na zaidi. Kuyaona mabadiliko kabla hayajawa saratani, muuguzi aliyefunzwa anahitaji kitanda, taa nzuri, spekula safi na asidi ya siki ya asilimia 3 hadi 5. Anaipaka kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika moja, na penye mabadiliko hugeuka peupe. Mara nyingi mabadiliko hayo hutibiwa siku hiyo hiyo, kwa kugandishwa au kuchomwa kwa joto.

Kasoro ya kutomjua asiyepimwa si yetu peke yetu. Uingereza ilianza kupima katikati ya miaka ya 1960, na kwa zaidi ya miaka 20 matokeo yalikuwa hafifu. Vipimo vilifanyika kwa wingi, ila vilirudi kwa walewale: vijana waliohudhuria kliniki za uzazi wa mpango, huku wanawake wa makamo, walio hatarini zaidi, wakiachwa. Mwaka 1988 utaratibu ukabadilishwa. Kila mwanamke wa umri unaohusika aliyesajiliwa kwa daktari wa familia aliitwa kwa jina, na muda wake ukifika akaitwa tena. Mwaka 1990 madaktari wakaanza kulipwa kwa asilimia ya wanawake wao waliopimwa: malipo kamili kwa aliyefikisha 80, pungufu kwa aliyefikisha 50. England, waliopimwa ndani ya muda uliotakiwa walipanda kutoka asilimia 42 mwaka 1988 hadi 85 mwaka 1994. Kipimo kilikuwa kilekile, wanawake walewale na haya zao zilezile. Jipya ni kwamba sasa kulikuwa na mtu mwenye wajibu wa kujua nani hajaja.

Mtu atasema, na ana hoja, kwamba kule kila mtu ana daktari wake, ilhali huku mwanamke leo yuko zahanati ya kijiji, kesho duka la dawa, keshokutwa hospitali ya misheni. Kweli, na hatuwezi kuanza kwa kuandikisha nchi nzima. Lakini madaftari yapo. Mwanamke anayeishi na VVU ana namba yake kwenye kliniki ya VVU (CTC), ana tarehe ya kurudi, na asipotokea hutafutwa. Naye hatari yake ya kupata saratani hii ni mara sita ya mwenzake asiye na VVU. Mtoto hupelekwa chanjo akiwa na wiki 6, 10 na 14, kisha miezi 9 na 18. Mara zote hizo mama amekaa kwenye benchi, na mazungumzo ni uzito wa mtoto tu. Tena jambo hili tulishaliweza: kipimo cha VVU kwa mjamzito kilipofanywa sehemu ya kawaida ya kliniki, kila mjamzito akipimwa isipokuwa akikataa, hakikuhitaji tena turubai. Anayesahaulika kabisa ni mama wa miaka 45 aliyemaliza kuzaa. Huyu anakuja kliniki ya wagonjwa wa nje (OPD) na presha au mgongo, anaandikiwa dawa, anaondoka. Kumuuliza tu, "Mama, ulishawahi kupimwa mlango wa kizazi?" kungetosha kumpeleka chumba cha pili.

Wauguzi nao watauliza: kwa mikono ipi? Watumishi wachache haohao wanazalisha, wanachanja na kujaza ripoti. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, na semina haiijibu. Inajibiwa kwa kutenga siku maalumu katika wiki, kuhakikisha vifaa vya kutakasia spekula vipo, na kufuta walau ripoti moja kati ya hizo nyingi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikipa kipaumbele kipimo cha virusi vyenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli mwenyewe faraghani kwa kijiti. Hapo muuguzi anapumua, na haya inapungua. Mashine za GeneXpert zinazopima kifua kikuu katika hospitali zetu zinaweza kufanya kazi hiyo, mradi katriji zinunuliwe.

Je, tuiache siki tusubiri katriji? Utafiti wa Osmanabad, India, uliochapishwa 2009, ulionyesha kuwa kupima virusi mara moja tu kulipunguza vifo kwa karibu nusu, wakati siki haikuleta tofauti ya maana. Lakini Mumbai, kwa matokeo ya 2014, siki iliyorudiwa kila baada ya miaka miwili, mikononi mwa wahudumu wa afya ya msingi waliosimamiwa vizuri, ilipunguza vifo kwa asilimia 31. Kwa hiyo siki inafaa ikirudiwa na kusimamiwa, na kurudia hakuwezekani kama hujui ulimpima nani mwaka juzi. Turubai la Machi halimjui.

Lengo la dunia ni asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa kufikia 2030. Waganga wakuu wa wilaya waongeze safu moja kwenye taarifa ya kila robo mwaka: waliopaswa kupimwa na hawajapimwa, zahanati kwa zahanati. Nawe msomaji uliyetimiza miaka 30, ukienda kituoni kwa shida yoyote, omba kipimo, na usiondoke kabla jina lako na tarehe ya kurudi havijaandikwa.