"Go off": imelia ao imezimika?

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba, kwa kawaida ukurasa huu unazungumza juu ya kofia, viatu na miwani. Leo tuzungumze juu ya neno dogo la Kiingereza, sababu neno nalo linaweza kuumiza mutu.

Katika migodi ya Kolwezi, Kamoto ao KOV, utasikia Kiswahili, Kifaransa, na Kiingereza pia. Kiingereza si mugeni wa jana: kilisikika huku tangu reli ya kutoka Rhodesia ilipofika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1910.

Kila mumoja wetu anajua "off". Imeandikwa fasi ya kuwashia umeme: "on" umewaka, "off" umezimwa. Basi kapita mugeni anasema katika redio: "The gas alarm went off." Wewe unasema moyoni: sireni imezima, hatari imekwisha, turudi kazini. Kumbe amesema kinyume kabisa. Sireni ya gesi imelia, watu watoke! Na usingoje pua yako ikuonye. Katika moshi wa baruti kuna monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi, na inaua.

Lakini "The lights went off", hapo taa zimezimika kweli. Angalia kitu chenyewe. Kama kilikuwa kimenyamaza kikingoja saa yake, kama sireni ao baruti, "go off" ni kulia ao kupasuka. Kama kilikuwa kikiwaka, ni kuzimika. Tena "The alarm is off" ni imezimwa: "went" imekuwa "is", na maana imegeuka. Tusiwacheke wenye lugha yao. Sisi tunapiga pasi na tunapiga picha, wala hatugongi kitu.

Baruti ndiyo mbaya zaidi. "One hole did not go off" maana yake tundu moja halikupasuka. Baruti ingali ndani, nzima, pamoja na kiwashio chake. Hapo hakuna kutoboa karibu, hakuna kuchimbua, hakuna kuvuta waya ili kuona. Fasi inafungwa, watu wanakaa mbali, na fundi wa baruti ndiye anayeamua. Hata tundu lililokwisha kupasuka, usitoboe ndani yake: chini inaweza kuwa imebaki baruti.

Kama hukuelewa, usitingishe kichwa kama mutu aliyeelewa. Tunafanya hivyo wote, kwa haya mbele ya kapita. Uliza kwa Kiswahili ao Kifaransa: imelia ao imezimika? Imepasuka ao haikupasuka? Kisha murudilie kwa maneno yako ulichosikia. Mpaka jibu lifike, fanya kama imelia.

Na wewe mama, mutoto wako wa sekondari akikuambia maziwa "has gone off", usikimbie. Yameharibika tu, yamwage.